Msiitupe mizani

Januari 2025, jarida la The Lancet Diabetes & Endocrinology lilichapisha ripoti ya tume ya wataalamu wa unene iliyoongozwa na Profesa Francesco Rubino wa King's College London. Kwa kifupi, tume ilisema kwamba BMI, yaani uzito wa mtu ukigawanywa kwa mraba wa urefu wake, haitoshi peke yake kumtangaza mtu kuwa mgonjwa. Daktari apime pia kiuno, au mafuta yenyewe ya mwili kama ana kifaa, kisha aangalie iwapo moyo, ini, magoti au pumzi vimekwisha kuathirika. Ni kauli ya maana, na ilichelewa. Lakini ilipofika kwenye simu zetu ilikuwa imeshabadilika sura: eti wataalamu wamekubali kwamba uzito ni namba tu, tupa mizani, jitazame kwenye kioo, nguo zitakwambia. Wapo walimu wa mazoezi wanaoirudia kauli hiyo kila siku, na wanashangiliwa.

Tume haikusema hivyo. Ilikuwa inajibu swali la daktari: nani mgonjwa na nani bado? Mtu aliyeamua kupunguza uzito, anayepanda mizani yake nyumbani asubuhi, ana swali lingine kabisa: wiki hii ninaelekea wapi? Kifaa kisichotosha kwa swali la kwanza kinaweza kufaa sana kwa la pili. Nakwenda mbali zaidi: mtu mzima aliye kwenye safari hiyo ajipime mara nyingi kuliko watu wengi wanavyofanya sasa, ikiwezekana kila siku, faraghani, na namba ya siku moja asiipe uzito wowote. Kinachowaumiza watu wetu ni kupima mara chache, mbele za watu, tena kwa saa aliyoichagua mtu mwenye bidhaa ya kuuza.

Tatizo lenyewe si la Wazungu tena. Utafiti wa afya ya jamii wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Kenya, utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49. Nyuma ya takwimu hizo kuna mizani ambayo kila mmoja wetu amewahi kupandishwa bila ridhaa yake, nayo ni jicho la jirani. Ukinenepa unaambiwa umependeza, ndoa imekukubali. Kitambi cha mwanamume kinasomwa kama hati ya mshahara. Ukipungua unaulizwa kwa sauti ya chini kama unaumwa, kwa sababu kizazi kizima kiliona ndugu wakikonda kwa UKIMWI na hakijasahau. Anayepunguza uzito kwa makusudi anapingana na maoni ya mtaa mzima. Mtu huyo anahitaji taarifa yake mwenyewe, isiyotoka mdomoni mwa shangazi.

Na hakuna haja ya kujifanya kwamba kusoma uzito ni elimu ngeni kwetu. Mama yeyote aliyepeleka mtoto kliniki anaijua kadi. Mtoto anavuliwa nguo, anatundikwa kwenye mizani ya kuning'inia akilia na kurusha miguu, muuguzi anasubiri mshale utulie, anaweka nukta. Hakuna mama anayetoka pale akishangilia au kulia kwa ajili ya nukta moja. Anaangalia mstari: unapanda, umelala, au umeanza kushuka. Mstari ukilala miezi miwili, muuguzi hamgombezi mtoto. Anauliza analishwa nini, aliharisha lini, ananyonya vipi. Wanawake wa Afrika Mashariki wamefanya uchambuzi huo wa mwelekeo kwa miongo kadhaa wakiwa na watoto mgongoni. Ajabu ni kwamba mama huyohuyo akipanda mizani kwa ajili yake mwenyewe anausahau mstari, anaitazama nukta, kisha anajihukumu.

Nukta inadanganya, na inafaa tuone inadanganya kiasi gani. Lita moja ya maji ina kilo moja. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, takriban nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia karibu gramu tatu za maji. Ukiacha ugali na wali kwa siku chache, akiba hiyo inatumika, maji yake yanatoka, na mizani inashuka kilo moja au mbili kabla mafuta hayajaguswa sawasawa. Ukila pilau ya harusini yenye chumvi ya kutosha, kesho yake umepanda. Mwanamke anabeba maji zaidi siku za kukaribia hedhi. Mfungaji wa Ramadhani akijipima kabla ya futari na tena baada ya daku, ni kama amepima watu wawili. Tangu 1614 daktari wa Padua, Italia, Santorio Santorio, alikwisha kuandika kitabu kutokana na miaka aliyoishi kwenye kiti cha mizani, akipima chakula kilichoingia na uchafu uliotoka, akagundua kwamba sehemu kubwa ya uzito hupotea kwa jasho lisiloonekana na pumzi. Uzito wa mtu hautulii hata akiwa amekaa.

Sasa linganisha na kinachotafutwa. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba nishati ya takriban kilokalori 7,700. Anayepunguza chakula cha kilokalori 500 kwa siku, na hiyo ni kazi kweli, si mchezo, anapoteza mafuta ya gramu 65 hivi kwa siku. Mizani nyingi za bafuni zinahesabu kwa gramu 100. Yaani mabadiliko ya kweli ya siku moja ni madogo kuliko kipimo kidogo kabisa cha mizani, huku maji yanakupandisha na kukushusha kilo nzima. Kwa hesabu hiyohiyo, aliyeamka ameongezeka kilo moja ya mafuta kwa usiku mmoja angepaswa kuwa amekula chakula cha siku tatu juu ya mahitaji yake. Hakula. Ni maji, chumvi, na choo ambacho hakijatoka. Wengi wakisikia haya wanahitimisha kwamba basi mizani ipandwe mara chache, kila mwezi, ili "ionyeshe tofauti". Hesabu inasema kinyume. Kipimo kikiwa na kelele, dawa yake ni vipimo vingi na wastani. Chukua namba saba za wiki, zijumlishe, gawanya kwa saba, linganisha na wastani wa wiki iliyopita. Anayepima mara moja kwa mwezi amebahatisha mara moja kwa mwezi.

Hapa ndipo pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha, nalo ni nani anafaidika tukipima mara chache. Angalia tangazo lolote la "punguza kilo 5 kwa siku 7". Mteja anapimwa siku ya kwanza alasiri, ameshakula mchana, amevaa jinzi, simu iko mfukoni. Anapewa chai ya majani, na nyingi ya chai hizi nguvu yake ni sanamaki au ndugu zake, yaani dawa ya kuharisha. Anakatazwa wanga. Siku ya saba anapimwa asubuhi, tumbo tupu, amevaa dera. Kilo zimeshuka kweli, picha inapigwa, na mteja anatoa ushuhuda wa dhati kabisa kwa sababu hajui kwamba nyingi ya kilo zile zilikuwa maji, kinyesi na suruali. Wiki mbili baadaye uzito umerudi, na lawama inamwangukia yeye: umeacha chai, umekosa nidhamu. Mtu aliyejipima kila asubuhi kwa mwezi mmoja kabla ya kukutana na muuzaji huyo hadanganyiki kirahisi. Anajua kwamba kilo mbili huja na kuondoka zenyewe. Ameziona zikienda Jumatano na kurudi Jumapili.

Ushahidi upoje? Upo, na si wa kubahatisha. Rena Wing wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, ambaye mwaka 1994 alianzisha pamoja na James Hill daftari la kitaifa la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi, alikuta takriban watatu kati ya kila wanne wanajipima angalau mara moja kwa wiki. Mwaka 2006, katika The New England Journal of Medicine, yeye na wenzake walichapisha jaribio la watu 314 waliokuwa wamekwisha kupungua. Kundi moja lilipokea jarida tu. Mawili yalifundishwa, moja kwa intaneti na jingine ana kwa ana, kujipima kila siku na kusoma uzito wao kwa rangi: kijani endelea, njano rekebisha, nyekundu anza upya kazi ya kupunguza, na msaada upo. Baada ya miezi 18, waliorudisha kilo 2.3 au zaidi walikuwa asilimia 72 katika kundi la jarida, 55 katika kundi la intaneti, na 46 katika kundi la ana kwa ana. Ukizitazama rangi zile, ni kadi ya kliniki ya watu wazima. Birmingham, Uingereza, watafiti waliwafuata watu wazima 272 kipindi cha Krismasi, wakawaambia nusu yao wajipime angalau mara mbili kwa wiki na kuwapa maelezo ya kiasi cha mwendo kinachohitajika kumaliza vyakula vya sikukuu. Tofauti kati ya makundi ilikuwa karibu nusu kilo. Ni ndogo, lakini kilo hizi za sikukuu ndizo ambazo watu hawazirudishi zilikotoka.

Wanaopinga wana hoja mbili nzito na moja nyepesi, na inasikitisha kwamba nyepesi ndiyo inayosambaa. Hoja nzito ya kwanza: wale wa daftari la Marekani walijichagua. Huenda wanajipima kwa sababu wamefaulu, wala hawakufaulu kwa sababu wanajipima. Nani anapenda kupanda mizani inayompa habari mbaya? Ni kweli. Tena Birmingham hiyohiyo, mwaka 2014, ilichapisha jaribio la watu 183 wenye unene uliokithiri waliopangwa kwa kura, nusu wakipewa mizani na kuambiwa wajipime kila siku. Baada ya miezi mitatu tofauti ya makundi ilikuwa nusu kilo, isiyotosha kuitenga na bahati. Sitaki kulipita jaribio hili haraka, kwa sababu linasema jambo ambalo wauza mizani za kisasa zenye bluetooth hawalisemi: kifaa chenyewe hakipunguzi mtu. Ukilisoma pamoja na lile la Wing unaona tofauti iliko. Kule, kila rangi ilikuwa na kazi yake iliyokubaliwa mapema. Mtu alijua akifika nyekundu atafanya nini, na kwa msaada wa nani. Huku, namba ilibaki namba. Kujipima kunakosaidia ni kule kunakofuatwa na uamuzi: wastani umepanda wiki mbili mfululizo, basi soda za kazini zinaondoka, chapati za asubuhi zinatoka tatu zinakuwa moja. Asiyeweza kutaja uamuzi huo kabla hajapanda mizani, kwa kweli anajitazama tu.

Hoja nyepesi ni ile ya misuli. "Misuli ni mizito kuliko mafuta, ndiyo maana hujapungua, umejenga." Kilo ya misuli na kilo ya mafuta zote ni kilo, ukweli ni kwamba misuli huchukua nafasi ndogo zaidi kwa uzito uleule, kwa takriban asilimia 15 hadi 18. Kiuno kinaweza kupungua mizani ikiwa imesimama, ndiyo, na anayeanza kunyanyua vyuma atashikilia maji kwenye misuli wiki za mwanzo. Lakini misuli inajengwa polepole sana, hasa mtu anapokuwa anakula kidogo. Mwanamke wa miaka 40 anayefanya aerobiki mara tatu kwa wiki na uzito wake haujasogea kwa miezi minne hajajenga kilo nne za misuli. Anakula kiasi kilekile anachotumia. Kumwambia vinginevyo ni kumbembeleza aendelee kulipa ada. Mwalimu anayeamini hoja yake ana njia rahisi ya kuithibitisha: amfunge mteja futi ya fundi cherehani kiunoni kila baada ya wiki mbili. Mizani imesimama na kiuno kimepungua, hongera, misuli ipo. Vyote viwili vimesimama, hakuna kilichobadilika.

Hoja nzito ya pili ndiyo inayonizuia kusema kila mtu ajipime. Mizani inaweza kumfanya mtu augue. Utafiti wa muda mrefu wa Chuo Kikuu cha Minnesota uliofuata vijana kuanzia shuleni ulikuta wasichana wanaojipima mara kwa mara ndio pia wenye mwelekeo zaidi wa njia mbaya za kupunguza uzito, kula kwa pupa kupita kiasi, na kutoridhika na miili yao. Majaribio ya watu wazima wenye uzito uliozidi kwa ujumla hayakuona madhara hayo, lakini wastani wa watu mia hauwezi kumlinda yule mmoja. Aliyewahi kujinyima chakula hadi kuugua, anayejitapisha, binti wa kidato cha pili anayelia kwa gramu 300: hawa mizani iondoke chumbani, na si suala la kujadiliana. Mjamzito anapimwa na kliniki yake. Zaidi ya hapo, hofu kwamba kujipima kila siku kwenyewe ni wazimu haiendani na yanayotokea hospitalini: mgonjwa wa moyo uliochoka kusukuma damu huagizwa ajipime kila asubuhi maisha yake yote, na akiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu awasiliane na daktari, kwa sababu ni dalili ya maji kujaa mwilini. Hakuna anayemwita mgonjwa huyo mtumwa wa mizani. Ana sababu, ana kiwango cha kuchukua hatua, na anajua wa kumpigia.

Wasiwasi huo wa akili ukihamishiwa mahali pake, utaangukia kwenye vikundi vya WhatsApp. Nimewahi kuingizwa kwenye kimoja cha majirani wanaopunguza uzito. Kila Jumatatu asubuhi simu ilijaa picha za vidole vya miguu juu ya vioo vya mizani, vingine vimepakwa rangi, kimoja chenye plasta, namba katikati, na chini yake moto na makofi. Waliopanda walinyamaza, kisha wakaanza kutafuta udhuru, kisha wakatoka kimyakimya. Kuna dada aliyeacha kunywa maji tangu Jumapili saa nane mchana ili picha yake ya Jumatatu ipendeze. Alilieleza hilo mwenyewe, akicheka. Kikundi kile hakikumfundisha kula. Kilimfundisha kupita mtihani wa Jumatatu, na Jumatatu jioni alikula kama mtu aliyefunguliwa. Hata Weight Watchers, kampuni ya kupunguza uzito iliyoanzishwa New York mwaka 1963 na mama wa nyumbani Jean Nidetch na kuieneza duniani desturi ya kupima kila wiki, uzito wa mtu ulibaki kati yake na anayempima. Sisi tumechukua mizani tukaacha faragha, tukaongeza zawadi ya mshindi, halafu watu wakivunjika moyo tunasema mizani ina sumu.

Namna ya kufanya haina siri. Asubuhi baada ya choo, kabla ya chai, nguo zilezile au bila nguo, mizani juu ya sakafu ngumu, si zulia wala mkeka. Andika, funga daftari, nenda kazini. Mizani ya bei rahisi inayokosea kilo mbili haina neno ikiwa inakosea kilo mbilizo kila siku, maana unatafuta mwelekeo. Asiye na mizani na asiyetaka kununua ana mpimaji wa barabarani: achague mmoja, aende kwake siku ileile, saa ileile, avue viatu, atoe simu na funguo. Ataona picha yenye ukungu kuliko ya anayepima kila siku, lakini ndani ya miezi miwili mstari utaonekana. Futi ya kiuno inamkamilishia kazi, na hapo kweli tume ya Rubino inaingia nyumbani: Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari kuanza kupanda kwenye sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, hata kwa mtu ambaye BMI yake haitishi.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba tunabishana kuhusu mizani ya kupungua wakati kazi yake kubwa iko baadaye. Tazama sindano za semaglutide, dawa ya kupunguza uzito, ambazo wenye uwezo Nairobi na Dar es Salaam wanazijua. Jaribio kubwa lililochapishwa 2021 lilionyesha watu wakipungua karibu asilimia 15 ya uzito wao kwa wiki 68. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha dawa walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopoteza. Chakula, chai, gym, sindano, vyote vinakutana hapo: mwili unarudi ulikotoka, gramu chache kwa siku, polepole kiasi kwamba kioo hakioni na suruali yenye lastiki haisemi. Kilo mbili za mwanzo ndizo rahisi kuzizuia, na kifaa pekee cha nyumbani kinachoweza kuziona kabla hazijawa nane ndicho kile ambacho watu wanaambiwa wakitupe. Programu yoyote ya maana ingemkabidhi mteja, siku anayomaliza, wastani wake, mpaka wa kilo mbili juu yake, na namba ya simu ya kupiga akiuvuka. Matangazo ninayoyaona yanauza siku 7, siku 21, siku 30. Sijaona bado linalouza mwezi wa saba.